Jiwe Lisilo na Namba

Nilimkamata baba yangu na namba tisa mikononi. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri, nyasi zimelowa umande, na yeye alikuwa anavuka uwanja wa kambi polepole, jiwe amelikumbatia tumboni, suruali ameikunja hadi magotini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ofisi na mswaki mdomoni. Alilipita hema la wageni waliokuwa bado wamelala, akainama, akalitua jiwe chini taratibu kama anayelaza mtoto. Akarudi nyuma kulitazama. Akaligeuza kidogo ili namba ionekane vizuri. Ndipo akaniona.

"Namba tisa ilikuwa haina raha pale," akasema.

"Baba, namba haina raha wala karaha. Ni namba."

"Basi yameisha, mama," akasema, na akaenda zake kunawa mikono. Jiwe akaliacha palepale alipolitua.

Nilikaribia kumeza mswaki. Kwa wiki nyingi nilikuwa nasoma malalamiko ya wageni kwenye simu, nakuna kichwa: mahali pazuri, maji ya moto yapo, watu wakarimu, ila namba hazifuatani. Mmoja aliandika kwamba baada ya namba tatu alikutana na kumi na moja, akadhani amepotea. Mwingine alisema mwaka jana namba sita ilikuwa karibu na mabafu na mwaka huu iko kijitoni, je, kambi imegeuzwa? Nilimjibu kwa heshima zote kwamba pengine kumbukumbu zake zimechanganyika. Kumbe aliyechanganyika ni mimi.

Kambi yetu si kubwa. Ni uwanja wa nyasi unaoteremka hadi kwenye kijito, safu moja ya mabafu, jiko la pamoja lenye paa la bati na lisilo na kuta, na lango la mbao linalofungwa kwa kitanzi cha kamba. Baba na mama waliianzisha kabla sijaanza shule, enzi wageni walikuwa wanakuja na mahema mazito ya turubai yanayonuka moshi. Mama alishika jiko na ofisi. Baba alishika lango.

Na lango alilishika kwelikweli. Alikaa kwenye kigoda, nyundo ya mbao mapajani, na gari likifika hakuuliza jina wala siku ngapi. Aliuliza maswali yake matatu. Nani kati yenu anakoroma? Mnaamka saa ngapi? Na nani amenuna njiani? Hapo kwenye la tatu ndipo gari zima lililipuka kwa kicheko, watoto wakipiga kelele "Baba! Baba!" na baba wa watu akijitetea kwamba yeye hakununa, alikuwa anaendesha. Basi baba yangu angesikiliza, angetazama viatu vyao, angewatangulia kwa miguu, na gari lingemfuata nyuma. Wanaokoroma aliwapeleka juu, karibu na barabara. Wanaoamka mapema, mashariki. Waliogombana aliwashusha kwenye mteremko, mahali ambapo mtu mmoja hawezi kusimamisha hema peke yake, wapende wasipende washikiane kamba. Kisha akapigilia kigingi cha kwanza kwa mkono wake. "Hiki ni changu," angesema, "vilivyobaki ni vyenu." Mpaka leo wako watu wazima, wenye wajukuu, wanaomkumbuka kwa jina la Mzee Vigingi na hawajui jina lake jingine.

Mama alipofariki nilikuwa mjini, napokea wageni kwenye hoteli ya ghorofa nyingi, nimevaa skafu shingoni na tabasamu la kazi. Nilikuja kuzika, nikabaki. Siku ile wageni wa msibani walipotawanyika, baba alinifungulia chumba nyuma ya ofisi, chenye dirisha moja linalotazama tangi. "Utakaa hapa, mama," akaniambia. Ndivyo anavyoniita tangu niko mdogo. "Pampu iko nyuma ya ukuta huu. Ikizima utasikia." Nikaweka begi langu chini. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikusema kitu. Huzuni ilikuwa imenijaa, na pampu angalau ilikuwa inanguruma, ilikuwa kitu cha kusikiliza.

Mama aliondoka, na wageni nao wakawa wameanza kubadilika. Sisemi wameharibika, maana shangazi yangu, dada yake baba, ambaye anaangalia mabafu na kufua mashuka, hupenda kusema wageni wa siku hizi wameharibika. Hapana. Walikuwa watu wa kawaida waliochoka. Walifika wameshatazama picha za kila kona, wanataka kujua watalala wapi kabla hawajawasha gari, wanataka soketi ya kuchajia na mtandao usiokatika. Wengine walikuja na hema lililofungwa juu ya paa la gari: unavuta kamba, linafunguka lenyewe kama mwavuli, halina kigingi hata kimoja. Baba alilizunguka la kwanza akalitazama juu mpaka kofia ikamdondoka.

Mbele kidogo barabarani ilifunguliwa kambi nyingine ambako mgeni anachagua nafasi kwenye ramani. Tukaanza kuona magari yakipunguza mwendo langoni kwetu, yakimtazama mzee mwenye nyundo mapajani, kisha yakiongeza mwendo. Zilikuwepo wiki ambazo jiko la pamoja lilikaa baridi, na shangazi akawa anafua mashuka masafi ili mikono isikae bure. Nilijua tukiendelea hivyo tutafunga.

Basi nikachora ramani. Nikagawa uwanja nafasi kumi na nne, nikaiweka kwenye mtandao, na kwa kuwa nguzo na vibao ni gharama, nikaagiza toroli la mawe kutoka kijitoni, yaliyolainishwa na maji, ukubwa wa sufuria ya wali. Nikayaandika namba kwa rangi nyeupe ya mafuta. Nilijiona mjanja. Shangazi aliyazunguka, akaligusa moja kwa kidole cha mguu, akasema, "Mazuri. Yanabebeka." Sikuelewa kwa nini anacheka.

Wageni walirudi. Hilo lazima niseme wazi, ramani ilituokoa. Lakini sasa walifika langoni, wakashusha kioo, wakasema "Shikamoo mzee, sisi ni namba nne," wakapita. Walikuwa na adabu, hata baba mwenyewe hakuwa na la kulalamika. Alifungua kitanzi, akafunga kitanzi. Nyundo ikawa inakaa chini ya kigoda. Jioni, tukila, mimi nilikuwa nawaeleza yeye na shangazi nani anakuja kesho, kwa mazungumzo tu, na yeye alikuwa ananiuliza mambo yanayoonekana ya kawaida. Wana mtoto mdogo? Hao vijana wanakuja na spika? Nikamjibu. Nilifurahi kwamba anapendezwa na kazi yangu. Kumbe mimi namtajia wageni, na alfajiri yeye anahamisha mawe.

Siku ile ya namba tisa nilimfuata bombani na mswaki wangu mkononi.

"Baba, wageni wanachagua. Wanaona kwenye ramani, wanachagua. Wewe unawageuzia dunia."

"Wale wana kichanga cha mwezi mmoja, mama. Umewaweka na vijana wa spika."

"Sikuwaweka. Wamejiweka."

"Ndiyo ninayosema. Hakuna aliyewaweka."

Nikamwambia nitamwita fundi, kila jiwe litalala kwenye saruji, tuone nani ana kifua cha kulibeba. Alikausha mikono kwenye suruali. Alipokuwa anaondoka niliona mgongo wake umeanza kupinda, nikakasirika zaidi, maana hasira ikichanganyika na huruma inakuwa kali kuliko ikiwa peke yake.

Fundi alisema atakuja wiki ijayo. Kabla hajaja, akaja mwanamke mwenye hema la kijani.

Nilikuwa nimemtaja mezani jioni iliyotangulia. Mama mtu mzima, peke yake, namba tano. Baba aliacha kutafuna. "Peke yake kabisa?" akauliza. Nikasema ndiyo, ameandika tu mtu mmoja, na chini akaongeza kwamba ni safari yake ya kwanza bila mume wake, marehemu. Shangazi akasema maskini. Baba akasogeza sahani.

Namba tano kwenye ramani iko ubavuni mwa jiko la pamoja, katikati ya nafasi mbili kubwa za familia. Ni mahali pa kelele. Sufuria zinagongana, watoto wanakimbizana, kuna mtu wakati wote anaomba chumvi. Alfajiri ile namba tano ilisafiri mpaka mwisho wa uwanja, kwenye nyasi laini chini kabisa, mahali kijito kinapokata kona na husikii mtu. Ni pale ambapo baba mwenyewe alikuwa anakwenda kukaa, miezi ile baada ya mama. Alikuwa anakaa mpaka jua limchome, halafu anarudi bila kusema na mtu.

Yule mama alifika, akaliona jiwe lake, akatua mzigo. Mimi nilikuwa nashughulika na bomba la bafu, sikuona. Kesho yake asubuhi nilikuwa jikoni na baba, tunakaza mguu wa meza, akaja akiwa ameshika birika, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alikuwa na kofia ya jua na sauti ya upole.

"Samahani," akasema. "Sitaki kusumbua. Kwenye ramani niliona namba tano iko hapa jikoni."

Nilimtazama baba. Angeweza kunyamaza, ningelibeba mimi kama kosa la ofisi, nimeshayabeba mangapi. Lakini aliweka spana juu ya meza.

"Ni mimi niliyeihamisha, dada yangu," akasema. "Nilisikia umefiwa. Mimi pia mke wangu ametangulia. Nikaona nikupe mahali pa utulivu."

Mwanamke yule alikaa kwenye benchi. Hakukasirika, na nadhani ingekuwa nafuu kama angekasirika. "Baba," akasema, ingawa hawakupishana sana umri, "utulivu ninao nyumbani. Nimeuacha umejaa vyumba vyote. Nilichagua hapa kwa sababu nilitaka kusikia watoto wa watu wakigombania uji. Jana nimelala kule nikawa nasikia maji tu, nikasema Mungu wangu, hata huku kumenifuata."

Kisha akaongeza, taratibu, bila kumwinulia macho: "Ungeniuliza tu."

Baba alisimama. Alitoka pale akateremka uwanja mzima, akalinyanyua lile jiwe, akaanza kupanda nalo. Nikataka kwenda kumpokea, shangazi akanishika mkono. Alipumzika mara mbili njiani, amelitua jiwe, ameweka mikono kiunoni. Alilirudisha pale linapotakiwa, akarudi kung'oa vigingi vya yule mama kimoja kimoja, akavipiga upya hapo jikoni, vyote, wala hakusema kipi ni chake. Jioni watoto wa familia ya kushoto walikuwa wameshamzoea yule mama, wamemkalia mapajani, na mama yao anamwazima mwiko. Kicheko chake kilisikika mpaka ofisini.

Baba hakuwepo kusikia. Alikuwa amelala na mlango umefungwa, na kesho yake hakwenda langoni. Nyundo aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Siku iliyofuata nilikuta begi lake kwenye korido, limefungwa zipu.

"Nimeongea na kaka yako," akaniambia. "Ana chumba. Mimi hapa sina kazi, mama, na ile niliyokuwa nayo nimeona siijui."

Kaka yangu anakaa mjini, ghorofa ya sita. Akilini nikamwona baba kwenye kile kibaraza cha kaka, kinachotosha kiti kimoja na ndoo ya mopu, akitazama paa za watu. Nilitaka kusema usiende. Badala yake nikasema, "Fundi anakuja kesho kwa ajili ya saruji," kana kwamba hiyo ndiyo habari. Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wenyewe sikuutaka.

Shangazi alinikuta kwenye kamba ya kuanikia, akanitupia ncha ya shuka tulikunje pamoja. Tukakunja la kwanza, la pili. Kwenye la tatu akasema, "Haya, mama ramani. Wageni wote wana namba. Na kaka yangu umemwekea namba ngapi?"

Nikaliachia shuka likaanguka kwenye vumbi. Akanisonya, akaliokota, akaenda kulifua tena.

Fundi alipokuja nilimwonyesha sakafu ya bafu iliyopasuka, saruji yote ikaishia huko. Halafu nikakaa na simu yangu, nikaingia kule ambako wageni wanachagua, na chini ya namba kumi na nne nikaongeza mstari mmoja: *Nichagulieni.* Sikumwambia baba. Nilimwambia tu kaka yangu kwamba chumba kisafishwe taratibu, hakuna haraka. Shangazi kwa upande wake alilifungua lile begi na kuzifua nguo zote, pamoja na zilizokuwa safi, na kila baba alipouliza, akamjibu hazijakauka. Kulikuwa na jua la kupasua mawe.

Wageni walikuja, wakachagua namba nne, namba nane, namba kumi. Ule mstari hakuna aliyeugusa. Nilikuwa naufungua asubuhi na mchana, najiona mjinga. Nguo za baba zilikauka, shangazi akaanza kuzipiga pasi moja moja, polepole, hadi leso.

Kisha siku moja, mezani, nikasema kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, "Kesho kuna watu wanne. Mume, mke, bibi, na msichana wa sekondari. Hawajachagua namba."

"Wamesahau?" baba akauliza.

"Hapana. Wamesema tuwachagulie."

Akaendelea kula. Akamaliza, akanawa. Nikamsikia akipita koridoni, akilikwepa begi tupu, na mlango wa stoo ukalia.

Asubuhi alikuwa kwenye kigoda chake, nyundo mapajani, amenyoa ndevu. Nilijibanza ofisini kama mwizi. Gari likaja, na loo, lilikuwa na hema juu ya paa. Nikasema basi, tumekwisha. Baba akalitazama hema, akaitazama nyundo yake. Akainuka akasogea dirishani.

"Nani kati yenu anakoroma?"

Wakatazamana. Halafu msichana, ambaye alikuwa amezibwa masikio na vidude vyake, akavitoa akasema, "Bibi!" Na bibi kutoka nyuma akasema mwongo mkubwa huyo, na gari likacheka. Wanaamka saa ngapi? Tofauti tofauti. Nani amenuna? Wote wanne walinyoosheana vidole.

Kwa kawaida hapo baba angegeuka na kutangulia. Safari hii hakugeuka. Alibaki ameinama dirishani, mkono kwenye mlango wa gari, na nilimwona akitafuta maneno.

"Na nyinyi wenyewe," akasema, "mngependa mkae pa namna gani? Penye watu au penye kimya?"

"Mzee, si tumesema utuchagulie?" akasema mume, akitabasamu.

"Nitachagua. Lakini niambieni kwanza."

Wakaanza kusema wote pamoja. Bibi alitaka karibu na bafu kwa sababu ya magoti, msichana mahali penye mtandao, mke alitaka kutomsikia mtu yeyote kwa saa mbili tu jamani, mbili tu. Baba alisikiliza mpaka wakamaliza. Akawatangulia kwa miguu, gari likafuata. Kigingi hakikuwa na kazi pale, lakini alikipigilia hivyohivyo, kando ya tairi. Bibi akakitundikia taulo lake.

Jioni ile jua lilikuwa bado lipo nilipomsikia anagonga mlango wa chumba changu. Hajawahi kugonga, kwani ni nyumba yake. Nikafungua. Alikuwa amekumbatia jiwe, jeusi, limetoka kijitoni bado lina maji, halina rangi wala namba.

"Tangu umekuja," akasema, na pampu ikaanza kunguruma ikabidi apaze sauti, "tangu umekuja nimekuweka hapa. Sikukuuliza unapenda wapi. Sikukuuliza hata kama unapenda."

Nilishika fremu ya mlango. Niliona si chumba tu anachouliza. Mjini bado nilikuwa na marafiki, na ile hoteli iliwahi kunipigia simu. Nililia, sioni haya kusema, nililia kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama, mbele ya baba yangu aliyeshindwa kunishika kwa sababu mikono ilikuwa na jiwe.

"Lete," nikamwambia. "Nitalibeba mwenyewe."

"Zito."

"Lete, baba."

Nilikuwa nimeyaandika yote namba, lakini toroli ndilo lililoyabeba. Sikuwahi kunyanyua hata moja. Hili lilinivuta mabega, likanilowesha kifua, na kabla sijafika katikati ya uwanja nilikuwa nimelitua. Yeye alikuwa ananifuata nyuma, hakunielekeza kushoto wala kulia. Nilimpita yule msichana na simu yake, nikalipita taulo la bibi. Nikapumzika tena. Mwisho nikalishusha pembeni ya lango, upande wenye kivuli, karibu na kigoda chake, mahali ambapo pampu haisikiki na anayefika anaonekana tangu yuko mbali.

"Hapa," nikasema.

Alitazama jiwe, akanitazama mimi. Chumba changu kilijengwa hapo mwaka uliofuata, na ndimo ninamoandikia haya, kigoda chake kikiwa nje ya dirisha langu. Lakini siku ile hapakuwa na kitu, ni nyasi tu. Baba alitoa kigingi mfukoni, akapiga magoti kwa shida, akakipigilia ardhini mpaka kikashika.

"Hiki ni changu," akasema.